Geto Lako Lina Nini Ukutani?

Leo hatuendi disko. Leo tunakaa nyumbani, na stori yenyewe ni ya nyumbani.

Dada mmoja wa Mbagala ameniletea ujumbe. Amepata kazi, ameaga kwa shangazi yake, amepanga chumba na sebule. Kitanda anacho, jiko la gesi analo, kapeti kapewa na mama yake. Zimebaki shilingi elfu themanini, na anataka ziishie zote kwenye kupamba. "Kaka," ananiuliza, "ninunue nini ili mtu akiingia aone na mimi nimo?"

Swali tamu hilo, na najua jibu ambalo watu wengi wangempa. Panda daladala, shuka Kariakoo. Chukua zile karatasi za sponji zenye sura ya matofali, bandika ukuta mmoja. Chukua taa za rangi rangi, zungusha kwenye dari. Maua ya plastiki mawili, moja la mezani na moja la juu ya friji (hata kama friji yenyewe hamna). Halafu malizia na picha kubwa ya maporomoko ya maji, fremu ya dhahabu ya uongo. Nimeingia kwenye mageto mengi ya washikaji, kuanzia Sinza mpaka Tandika, na yale maporomoko nimeyakuta karibu kila mahali. Sijapata kukutana na mtu anayejua yako nchi gani.

Kabla sijakujibu, dada yangu, nipe dakika chache nikusimulie habari za mzee mmoja aliyepamba nyumba yake mpaka reli ya SGR ikanyimwa ruhusa ya kuikanyaga.

Jina lake Alan Donovan. Mmarekani, mzaliwa wa Colorado, mwaka 1938. Alisomea sanaa ya Afrika katika Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles, na mwaka 1967 serikali yao ikamtuma Nigeria wakati wa vita vya Biafra, kushughulikia mambo ya misaada. Vita vile wengi walikufa kwa njaa. Donovan akachoshwa na siasa zake, akaacha kazi. Mwenzangu na mimi tungerudi kwetu kutafuta kazi nyingine yenye kiyoyozi. Yeye akanunua kombi ya Volkswagen, akakatiza jangwa la Sahara, akateremka mpaka Kenya. Mwaka 1970 akawa amefika.

Alipofika hakuganda mjini. Alikwenda kaskazini kabisa, kwa Waturkana, kwenye jua lisilo na huruma. Kule akawa ananunua vitu ambavyo wenyewe wanavitumia kila siku: vigoda vya kulazia kichwa, vyombo vya maziwa vya mbao na ngozi, mikufu ya shanga. Akavileta Nairobi, akafanya maonyesho. Fikiria mshangao wa watu wa mjini waliozoea kuona vitu hivyo ni ushamba, leo vimewekwa kwenye meza safi na vimemulikwa taa!

Kupitia vitu vile vya Turkana ndipo alipokutana na mtu ambaye bila yeye stori hii isingekuwepo. Joseph Murumbi. Wadogo zangu wa siku hizi huenda hamumjui, basi sikilizeni. Baba yake Mgoa, mama yake Mmasai. Alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Kenya, halafu mwaka 1966 akawa Makamu wa Rais, wa pili tangu uhuru. Miezi michache tu, mwaka huo huo, akajiuzulu. Mtu anaachia umakamu wa rais! Huku kwetu mtu haachii hata uenyekiti wa kamati ya harusi.

Murumbi alikuwa na ugonjwa mmoja: kukusanya. Vitabu kwa maelfu, stempu, nguo, vito, sanamu. Na hakukusanya vya kale tu. Alinunua pia kwa wasanii waliokuwa hai, wanaohangaika kulipa kodi ya chumba kama mimi na wewe.

Basi mwaka 1972 Donovan, Murumbi na mkewe Sheila wakafungua African Heritage pale Nairobi. Watu huiita duka, wengine jumba la sanaa. Ilikuwa vyote, na zaidi. Ulikuwa unakuta sanamu za mawe ya Kisii, vitambaa vya Mali, picha za wachoraji wa Uganda na Nigeria, mikufu, vinyago. Ilikuwa na maonyesho yake ya mavazi yaliyozunguka mpaka Ulaya, warembo wakipita jukwaani na nguo zilizoshonwa kwa vitambaa vya Kiafrika. Ilikuwa mpaka na bendi! Kama umewahi kumsikia marehemu Ayub Ogada na nyatiti yake, jua kwamba alipitia African Heritage Band.

Na Donovan mwenyewe hakuwa muuzaji wa kukaa nyuma ya kaunta. Alikuwa anatengeneza. Shanga, mifupa, pembe, shaba, kaharabu, vyote vilipita mikononi mwake vikatoka mikufu ambayo akina mama wa mjini walivalia kwenye hafla zao. Hapo ndipo ninapompendea. Wapo watu wanaokusanya sanaa kama wanavyokusanya viwanja, wanasubiri bei ipande. Mtu aliyewahi kujidunga vidole akitunga mkufu anaiangalia kazi ya mwenzake kwa jicho tofauti.

Sasa tuingie ndani, maana ujumbe wa dada ulikuwa wa kupamba. Donovan alijenga nyumba nje kidogo ya Nairobi, upande wa barabara ya Mombasa, inatazamana na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Unakunywa chai kibarazani, twiga anapita kule. Nyumba yenyewe ina rangi ya udongo, imechomoza kutoka ardhini kama kichuguu cha kifalme. Aliichora kwa kufuata majengo ya udongo ya Afrika, kama ule msikiti maarufu wa Djenné kule Mali, na nyumba zinazochorwa na wanawake huko Burkina Faso, na hakuusahau upwa wetu wa Waswahili. Akaiita African Heritage House.

Picha zake zimejaa kila mahali, na nimezikodolea macho mpaka mama watoto (mtarajiwa) akaniuliza kama nimepata demu mwingine. Kinachoniua kwenye nyumba ile ni jinsi vitu vinavyofanya kazi. Kigoda hakikuwekwa kwenye kabati la kioo, kimewekwa chini, ukalie. Kitanda cha pwani cha kuchongwa ni cha kulalia. Kitambaa cha Wakuba wa Kongo kimetanda ukutani mahali ambapo mimi na wewe tungebandika yale matofali ya sponji. Mlango nao umechongwa, na aliyeuchonga ana jina: Expedito Mwebe, fundi mwenye asili ya Uganda. Kuta zimechorwa. Hakuna kona iliyoachwa ilale, lakini hakuna kelele pia. Ni kama bendi nzuri, kila chombo kinasikika.

Mwaka juzi nilipanda basi kwenda Nairobi kwenye harusi ya binamu yangu, na siku ya pili, wenzangu wakiwa bado wanauguza vichwa, nikatoroka mpaka Kenya National Archives pale Moi Avenue. Jengo la zamani la benki. Ukitoka nje unakutana na makonda wanapiga kelele, ukiingia ndani kimya, na chini yote imejaa vitu vya Murumbi. Nilisimama karibu saa nzima. Mlinzi alianza kunitilia shaka.

Yamefikaje pale? Hapa stori inauma kidogo. Miaka ya 1970 Murumbi aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga pamoja na hazina yake, akitumaini kwamba pale pale patakuwa kituo cha masomo ya Afrika. Hapakuwa. Nyumba ikabomolewa. Mzee akafariki mwaka 1990 akazikwa City Park, Nairobi, karibu na alipolazwa rafiki yake Pio Gama Pinto, yule mwanasiasa aliyeuawa kwa risasi mwaka 1965. Donovan ndiye aliyehangaika miaka na miaka kaburi lile lisipotee, akaweka na sanamu za wasanii wale wale ambao Murumbi aliwanunulia kazi. Alihangaika pia mpaka sehemu nyingine ya mkusanyo ikapata nafasi katika Nairobi Gallery, jengo la mwaka 1913 ambalo enzi za mkoloni watu walikwenda kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Ukifikiria vizuri, ni mahali panapofaa.

Na nyumba yake mwenyewe? Ilinusurika kwa tundu la sindano. Ilipochorwa ramani ya reli ya SGR ya kutoka Mombasa, nyumba ikaonekana imo njiani. Watu wakapiga kelele, magazeti yakaandika, na mwaka 2016 serikali ya Kenya ikaitangaza rasmi kuwa urithi wa taifa. Treni zikaanza kubeba abiria mwaka 2017, nyumba ikiwa imesimama. Mzee Donovan aliishi mpaka Desemba 2021.

Najua kuna msomaji pale nyuma ameshanyanyua mkono. "Kaka, huyo si mzungu tu aliyenunua vitu vya Waafrika kwa bei ya karanga akauzia wazungu wenzake?" Swali la haki, na silikwepi. Biashara ya sanaa ya Afrika ina historia chafu, kuna vinyago vilivyobebwa kwa bunduki na vingine kwa kilo ya sukari, na ndiyo maana mpaka leo kuna ugomvi kuhusu vitu vya Benin vilivyoko Ulaya. Kigoda cha Mturkana kikifika Nairobi kinauzwa bei ambayo aliyekichonga hataisikia. Hilo lipo. Lakini mimi namhesabia Donovan mambo mawili. Kwanza, alikufa mkusanyo ukiwa Kenya, na watu walikuwa wanakaribishwa kwenda kuutazama. Pili, wasanii wake waliitwa kwa majina. Ukisoma alichoandika au ukipita maonyesho aliyoandaa, unakuta Elkana Ong'esa wa Kisii, ambaye ndege wake wa jiwe amesimama kwenye makao makuu ya UNESCO kule Paris. Unakuta Francis Nnaggenda. Unakuta Jak Katarikawe.

Huyu Katarikawe nikae naye kidogo, maana ana damu ya stori yetu. Mzaliwa wa Uganda, shule hakuipata, aliwahi kuwa dereva. Aliyemshika mkono kwenye uchoraji ni Sam Ntiro, mzee wetu wa Kilimanjaro aliyefundisha Makerere na akawahi kuwa balozi wetu Uingereza. Katarikawe akachora ng'ombe. Lakini ng'ombe gani! Ng'ombe wenye mapenzi, wenye wivu, wanaoota ndoto, wana rangi za alfajiri. Alifariki Nairobi mwaka 2018. Ukuta wenye ng'ombe mmoja wa Katarikawe ungeyafukuza maporomoko yote ya Kariakoo.

African Heritage kama biashara ilifunga milango mwaka 2003. Wateja wake wengi walikuwa watalii na wageni, na utalii wa Kenya ulikuwa umeyumba vibaya tangu lile bomu la ubalozi wa Marekani la mwaka 1998. Nalitaja hilo kwa sababu kuna mtu namfahamu hapa hapa Bongo aliyepigwa na fimbo ile ile.

Ni jirani yangu, tunachangia bomba. Jina lake naliacha. Anachora Tingatinga. Mnajua asili yake: Edward Saidi Tingatinga, kijana wa Tunduru, mwaka 1968 hivi akaanza kuchora wanyama kwenye hadibodi kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, akawa anauzia wageni pale Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972, mwaka ule ule akina Donovan wanafungua duka lao, polisi wa Dar wakampiga risasi usiku kwa kumdhania mhalifu. Akafa. Ndugu na wanafunzi wake wakaendelea, na wajukuu wa mkono ule ndio akina jirani yangu.

Basi jirani ana miaka ishirini na kitu kwenye brashi. Siku moja nikamuuliza kwa utani, katika maisha yako umemuuzia Mswahili picha ngapi? Hakucheka. Akahesabu kwa vidole. Mwalimu mmoja wa sekondari. Mama mmoja mwenye saluni, picha ya tausi. Basi. Mkono mmoja vidole vikabaki. Zingine zote, miaka yote hiyo, zimepanda ndege. Corona ilipoingia mwaka 2020 ndege zikakauka, akakaa miezi bila kuuza hata kipande, akachukua bodaboda ya mkataba. Mpaka leo anaiendesha. Anachora usiku, akiwa hajachoka, na usiku ambao hajachoka ni wachache. Mwezi uliopita aliniambia anataka kuuza zile hadibodi zilizobaki kwa fundi wa makabati.

Ndani kwake, dada yangu wa Mbagala, ukutani kuna kalenda ya benki. Nilimuuliza kwa nini hatundiki zake mwenyewe. "Zile za kuuza," akasema.

Haya, elfu themanini zako. Usiziache zote Kariakoo. Tenga nusu uende kwa mchoraji, Morogoro Stores pale au barazani kwa mtu kama jirani yangu, na uende mwenyewe, usimtume mtu. Wengi wana vipande vidogo ambavyo bei yake si ya kutisha ukiongea nao Kiswahili chako na kuacha uboss. Usichague kwa kufuata rangi ya kochi. Chagua ile inayokurudisha ukiwa umeshaipita. Kisha mwambie aandike nyuma jina lake na tarehe. Akisitasita, mpe kalamu. Picha isiyo na jina ikishatoka kwake, kesho keshokutwa hakuna atakayejua ni ya nani, na hiyo ndiyo dhambi kubwa ya makabati mengi ya Ulaya.

Rangi ile ya Tingatinga ni ya mafuta, vumbi unafuta kwa kitambaa laini. Usiiweke ukuta unaovuja tu, hadibodi ikinywa maji inavimba kama andazi. Iweke peke yake, iache ipumue. Yale maua ya plastiki yaondoe pembeni yake.

Nusu ya pili: kapu la Iringa, lile la milulu, liwe la kutunzia nguo chafu au magazeti (hili letu likiwa juu, tafadhali). Mkeka wa ukili mzuri, wa kukalia wageni wakizidi viti. Ukimpata mtu anayetoka Kyela, muombe akuletee chungu cha Wakisi wa Ziwa Nyasa, wale akina mama wanaofinyanga bila mashine. Kiwekee maji ya kunywa, siyo maua. Na kama una doti ya kanga ya bibi uliyoificha sandukuni, itoe, iendee kwa fundi seremala aibane kwenye mbao nne. Bei ya mbao nne huyo fundi hawezi kukuliza.

Na elfu mbili tatu zikibaki, nunua msumari wa maana na nyundo ya kuazima uirudishe.

Najua swali linalofuata, kwa sababu wengine mmeshaniandikia: baba mwenye nyumba hataki kusikia msumari kwenye ukuta wake, akisikia "ko" moja tu anagonga mlango na daftari la kodi mkononi. Huyo nampa ukurasa mzima wiki ijayo. Nimeongea na seremala mmoja wa Keko ana dawa yake, haihitaji msumari hata mmoja.